Swali la binti yangu siku ya Ijumaa Kuu

Ijumaa Kuu ya mwaka juzi, tukitoka ibadani, binti yangu wa miaka 6 aliniuliza: "Mama, kwa nini Mungu alimchapa Yesu na makosa ni yetu sisi?"

Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Nilikuwa nikiwaambia yeye na kaka yake kwamba Mungu alikasirika, adhabu ikawa lazima imshukie mtu, Yesu akajitokeza. Kilichobaki moyoni mwa mtoto ni baba mwenye fimbo. Usiku alikuwa hataki kusali peke yake, nami sikuwa nimejua sababu. Iliniuma sana.

Nikaanza upya, safari hii na maneno ya Biblia yetu yenyewe. Kuna fidia, Marko 10:45. Kuna ukombozi, Waefeso 1:7. Na kuna upatanisho, ambao mtoto wa mtaani kwetu anaujua kabla hajaanza skuli, maana wakubwa wakigombana ataona mzee anaitwa, watu wanakaa barazani, na hawaondoki mpaka wapeane mikono.

Ukombozi niliwapeleka wakauone Mkunazini, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kanisa kuu la Kianglikana limesimama palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 Sultan Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Mbele ya altare, sakafuni, kuna duara la marumaru. Inaelezwa kuwa hapo ndipo ulipokuwa mti waliofungwa watumwa wakachapwa. Nje tulisimama kwenye lile shimo lenye sanamu za watu wenye minyororo shingoni. Binti yangu akanishika mkono. Nikawaambia, kumkomboa mtu ni kumtoa humu.

Kijana wangu, ana miaka 9, akauliza: "Kama Yesu ni fidia, nani alipokea?"

Sikuwa na jibu siku ile. Swali lenyewe ni la zamani. Wapo walimu wa Kanisa la kale waliosema alilipwa shetani, na Gregori wa Nazianzo, katika karne ya 4, akalikataa wazo hilo kwa ukali. Lakini huwezi kumtajia mtoto Gregori akaridhika.

Jibu lilitoka dukani. Kijana alikuwa akichukua ubuyu kwa mkopo bila mimi kujua, deni likafika shilingi 4,000. Nikampeleka akaombe radhi. Mzee wa duka akafungua daftari, akalipiga mstari jina lake. "Yamekwisha, mjukuu wangu. Usirudie."

Tukiwa njiani akasema, "Kwa hiyo hakuna aliyelipa."

"Ule ubuyu mzee aliununua kwa hela yake. Hela hiyo imerudi?"

Alinyamaza mpaka tulipofika mlangoni. "Basi kalipa yeye."

Usiku ule niliwasomea 2 Wakorintho 5:19, kwamba Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Hakutafuta mtu wa pembeni ampige ili hasira imtoke. Hasara aliibeba mwenyewe. Binti yangu aliuliza kama Mungu naye aliumia. Nikamwambia ndiyo.

Wenzao wengi hapa ni Waislamu, na huwaambia Nabii Issa hakusulubiwa. Nimewafundisha wanangu waseme tunachoamini sisi, kwa adabu, bila ubishi, kisha waendelee na mpira wao.

Sijaondoa kila kigumu. Kwaresima hii tulipofika Isaya 53:10, "Bwana aliridhika kumchubua", binti yangu, sasa ana miaka 8, alinitazama kama siku ile ya kwanza. Sikuuruka mstari. Nilimfungulia Yohana 10:18, Yesu anaposema juu ya uhai wake, nikampa asome mwenyewe kwa sauti: "Hakuna mtu aniondoleaye, bali mimi nautoa mwenyewe." Akairudia mara mbili, kisha akaomba tuzime taa, atasali peke yake.