Mkate wa Mama na tovuti yetu ya nyumbani

Simu yangu ilioshwa kwa sabuni ya vyombo, ikasuuzwa, ikafutwa kwa taulo na kurudishwa mezani palepale ilipokuwa. Aliyefanya hivyo ni kijana wangu wa mwisho, mwenye miaka sita, na alifanya kwa nia njema kabisa. Shuleni walikuwa wameambiwa kuwa simu hubeba vijidudu vingi. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka zamu ya usiku, nimelala. Nilipoamka saa nane mchana alinikimbilia huku akicheka: "Baba, nimekuoshea simu!"

Sikumfokea. Nilikaa sakafuni jikoni nikaishika ile simu, maji bado yanachuruzika kutoka kwenye tundu la chaji. Ndani yake mlikuwa na sauti ya mama yangu, sauti za miaka mitatu. Mama yuko Pangani, pwani ya Tanzania, na hapendi kuandika ujumbe. Yeye hubonyeza kile kipaza sauti akaongea mpaka pumzi imwishie: nani kafiwa, nani kaposa, mnazi gani umeanguka na upepo, mtoto akikohoa apewe nini, mkate wa kumimina unapikwaje, na mwisho kabisa dua. Sikuwa nimeweka nakala popote. Fundi alihangaika nayo siku mbili akanirudishia ikiwa imekufa.

Mama yupo, namshukuru Mungu, na ningeweza kumwomba aniambie tena. Lakini alichoniambia usiku ule mke wangu alipojifungua hawezi kukisema upya kama alivyokisema.

Ni binti yangu wa darasa la sita aliyeniuliza, "Baba, kwa nini usiandike mahali ambapo hata simu zetu zote zikioshwa, maneno yatabaki?" Swali hilo ndilo lililonifanya nijifunze kujenga tovuti.

Tunaishi Brooklyn Park, jirani na Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, Marekani. Nabeba boksi kama wengi wetu: usiku nahudumia wazee, mchana nalala, jioni nakuwa baba kwa saa chache kabla ya kuondoka tena. Muda niliokuwa nao ni Jumamosi asubuhi, na mahali ni maktaba ya umma, ambako unakaa kwenye kompyuta bila kulipa hata senti. Sikuwahi kusomea mambo haya. Nilianza na faili moja tu, nikaliita index.html kwa sababu ndilo jina ambalo seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti, hulitafuta kwanza mgeni anapobisha hodi.

Ukurasa wa tovuti kumbe ni maandishi ya kawaida yaliyozungushiwa alama. Unafungua alama, unaandika neno lako, unaifunga. Mara ya kwanza nilisahau kufunga alama ya herufi nene, na ukurasa wote kuanzia hapo ukawa mweusi tii mpaka chini. Nilimkumbuka Mama na mikeka yake. Shupatu lisipofungwa mwisho wake hufumuka lote, hata kama ulisuka vizuri kiasi gani. Tangu siku ile nikifungua alama naifunga papo hapo, halafu ndipo narudi katikati kuandika.

Kuna kitu kidogo juu kabisa ya ukurasa ambacho watu wengi hukiruka: sehemu ya kutaja lugha. Nikaandika "sw". Maana yake kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, kitajua kuwa maneno haya ni Kiswahili, na hata ile programu ya kuwasomea wasioona itajua. Herufi mbili tu hizo, lakini nilizitazama kwa muda mrefu. Watoto wangu wanaongea Kiingereza kutwa. Nilitaka iwepo nyumba moja ambayo mlangoni pake pameandikwa Kiswahili.

Kisha tukakaa mezani kuamua tuandike nini. Mke wangu akaweka sharti, na nadhani kila familia iliyoko ughaibuni ingefaa ilifikirie: sura za watoto zisiwekwe, wala jina la shule, wala mtaa, wala saa tunazotoka na kuingia. Mtu asiyetujua akisoma, ajue tunacheka nini na tunakula nini, basi. Nikaongeza langu: hakuna mkasa wa mtu unaoandikwa bila ruhusa yake. Binti yangu alikuwa na mkasa wake mmoja ambao mimi niliupenda sana. Aliusoma nilivyouandika, akanyamaza, akasema, "Huo hapana, Baba." Nikaufuta mbele ya macho yake.

Mkasa wa kengele ya moshi niliruhusiwa. Ilikuwa Ijumaa jioni mwezi wa Januari. Mke wangu alifukiza udi kama anavyofanya kila Ijumaa, lakini siku ile mkaa wa chetezo ulishika zaidi ya kawaida na sebule ikajaa moshi. Kengele ya ndani ikaanza kulia. Kwetu moshi ukizidi unafungua mlango, na yeye akafungua mlango, ule wa kutokea koridoni. Moshi ukatoka, ukaikuta kengele ya koridoni, na ile ya koridoni huamsha jengo zima. Watu wa ghorofa tatu wakatoka nje, nyuzi 20 chini ya sifuri kwa kipimo chetu cha Selsiasi, wengine wamebeba paka, mzee mmoja anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Mke wangu alikuwa na kanga mbili na ndala. Gari la zimamoto likafika, vijana wanne wakapanda juu, wakakuta chetezo katikati ya zulia.

Alilia sana usiku ule kwa aibu. Nilipomsomea nilichoandika, alitaka kitu kimoja kiongezwe: kwamba jirani wa mlango wa pili, mama wa Kiliberia ambaye hatukuwahi kuongea naye zaidi ya salamu, alivua koti lake akamvika, akabaki na sweta mpaka tuliporuhusiwa kuingia. "Usiandike moshi tu," akaniambia, "andika na koti." Nikaandika. Tangu hapo yule mama na mke wangu hupelekeana sahani. Na kwa wenzangu mnaofukiza udi katika nyumba za ghorofa huku: fungueni dirisha, mlango wa koridoni uacheni umefungwa.

Ukurasa wa pili ulikuwa wa mapishi ya Mama, na hapo ndipo nilipotaka kuanza na mkate wa kumimina. Nilijaribu kwanza kuupika mwenyewe ili niandike kitu nilichokiona. Nikaroweka mchele usiku kucha, nikausaga na tui, sukari na hamira, nikaufunika ukaumuka vizuri, unatoa mapovu. Mama hupika kwa mkaa, chini na juu ya sufuria, kwa hiyo hana namba za kunipa. Nikatafuta kipimo cha joto, nikaona 180, nikageuza kitasa cha oveni hadi 180. Baada ya saa nzima nikatoa sinia, ndani yake mna uji wa vuguvugu. Oveni za Marekani zinahesabu kwa Farenhaiti. Nilichokipa kile kinyunya ni kama nyuzi 82 za Selsiasi, joto ambalo hata maji hayachemki. Ile 180 niliyoisoma ni 350 huku, na sasa kwenye ukurasa wetu namba zote mbili zimeandikwa, tena kwa herufi kubwa. Watoto walikula mikate ya dukani siku hiyo, wala hawakulalamika.

Kurasa zilipofika tano nikalipia jina la tovuti na nafasi kwenye seva, nikapakia kila kitu. Usiku ule sikwenda kazini. Nikafungua, nikaona maandishi yote yapo lakini picha hazipo hata moja. Mahali pake kuna visanduku vyenye alama iliyovunjika. Nyumbani kwenye kompyuta yangu zilikuwa zinaonekana! Nilirudia kupakia mara tatu. Kosa lilikuwa hili: picha zimetoka kwenye kamera zikiwa na mwisho wa .JPG kwa herufi kubwa, mimi ndani ya ukurasa nimeandika .jpg kwa herufi ndogo. Windows, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, kwake hayo ni mamoja. Seva nyingi zinaendeshwa kwa mfumo mwingine, Linux, na kwa Linux hayo ni mafaili mawili tofauti kabisa. Nikabadilisha majina yote yakawa ya herufi ndogo, bila nafasi katikati, na picha zikajitokeza moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa Mama amekaa barazani anakuna nazi.

Nikampigia. Kwetu ilikuwa saa tatu usiku, Pangani saa kumi na mbili asubuhi. Wakati wa baridi tunapishana saa tisa. Mpwa wangu akamfungulia kwenye simu yake ya tachi. Tukangoja. Nikasikia jogoo, nikasikia mtu anafagia. Tukangoja tena. Mwisho Mama akasema kwa upole, "Mwanangu, inazunguka tu." Kisha mpwa wangu akachukua simu: "Mjomba, bando la Bibi limekata."

Hilo liliniuma kuliko ile simu iliyooshwa. Bando lile alilinunua kwa hela yake ya ukili. Nikakaa na kupiga hesabu: picha 14, kila moja kama MB 4, jumla MB 56 kwa ukurasa mmoja, nazo nimezirundika kwenye simu ndogo ya mama mzee anayehesabu kila MB. Mimi nilikuwa nimejenga tovuti kwa ajili ya kompyuta ya maktaba ya Minnesota. Sikuwa nimemjengea yeye.

Katika kutafuta namna ya kurekebisha nikakutana na ukurasa wa kwanza kabisa wa wavuti, ule wa Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Uswisi, wa mwaka 1991. Bado unasomeka. Hauna picha hata moja, ni maandishi na viungo, na unafunguka kabla hujakonyeza jicho. Nilisoma pia kuwa mwaka 1993 CERN iliitoa teknolojia hiyo iwe ya watu wote bila malipo. Sijui kwa nini jambo hilo lilinigusa namna ile. Labda ni kwa sababu nilipo mimi kila kitu kina bili yake, na huyu kijana wa zamu ya usiku kutoka Pangani amepewa chombo bure, sawasawa na yeyote.

Nikaanza upya. Picha zote nikazipunguza hadi upana wa pikseli 1,000, zikawa kama KB 120 kila moja. Zote 14 pamoja hazifiki MB 2. Kwenye ukurasa wa mapishi nikabakiza moja tu, ile ya barazani. Nikaongeza ule mstari unaoiambia simu ipange ukurasa kwa upana wake yenyewe, kwa sababu bila huo simu hudhani iko kwenye kompyuta na kuyafanya maandishi kuwa madogo kama punje za ulezi. Nikakuza herufi. Macho ya Mama yana mtoto wa jicho upande mmoja, kwa hiyo nikaondoa ile rangi ya kijivu niliyoipenda, nikaweka nyeusi juu ya nyeupe. Kijana wangu, yule mwosha simu, alikuwa mpimaji: anaishika simu mbali kwa urefu wa mkono na kusema kama anasoma au hasomi.

Wiki iliyofuata nikamtumia mpwa wangu bando, nikapiga saa ileile.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Imefunguka."

Nikasikia anasoma kwa sauti ya chini, polepole, kama anavyosoma barua. Aliposoma mkasa wa kengele aliniambia nimwambie mkwewe asione haya, kisha akauliza yule mama wa koti anaitwa nani ili amtaje kwenye dua. Akasogea kwenye mkate. Hapo akanyamaza kidogo.

"Nani amekwambia tui jepesi?"

"Nilidhani, Mama..."

"Tui zito, lile la kwanza. Jepesi utapata mkate mkavu. Halafu hapa umeandika kikombe. Kikombe kipi? Changu ni kile cha bati, unakijua."

Nakijua. Kina upande mmoja uliobonyea, kaka yangu alikiangusha kisimani. Nikamwomba akijaze maji na kuyamimina kwenye chupa ya maji ya dukani ya nusu lita, aniambie yamefika wapi. Alikwenda, akarudi: yamefika katikati, na tone zaidi. Nikaandika robo lita na tone zaidi, nikafuta tui jepesi, nikapakia. Mke wangu na watoto walikuwa wamenizunguka, wote tunaisikiliza simu iliyolazwa mezani.

"Fungua tena, Mama."

Kimya. Jogoo. Kisha akavuta pumzi.

"Imebadilika! Umebadilisha sasa hivi, ukiwa huko?"

"Sasa hivi, Mama."

"Basi usiondoke hapo," akasema. "Umesahau iliki."