Mawe kwenye figo: nilivyobadilisha maji, chumvi na magimbi

Nimezaa mara tatu, lakini maumivu ya usiku ule sikuwahi kuyaona. Yalianzia ubavu wa kulia chini ya mbavu, yakashuka hadi kwenye kinena, yakapoa kidogo, yakarudi kwa nguvu zaidi. Kukaa siwezi, kulala siwezi. Mume wangu alinikuta sebuleni natembea nimeshika ukuta, ndoo ya kutapikia iko mkononi.

Kabla ya hapo nilikuwa natibiwa "UTI sugu" kwa miezi kadhaa. Zahanati ya jirani walikuwa wanapima mkojo, wanaona damu kidogo, wananiandikia vidonge. Nikimaliza dozi napata nafuu wiki mbili, kisha mgongo unaanza tena. Niseme hili mapema kwa yeyote anayetibiwa UTI isiyoisha: omba kipimo cha figo. Mimi sikuomba, na hakuna aliyeniambia.

Hospitali walinipiga picha ya CT. Jiwe la milimita 5 lilikuwa limenasa kwenye mrija unaotoka figo ya kulia kwenda kibofu, na jingine la milimita 3 limetulia ndani ya figo ya kushoto. Daktari alisema lile la kulia, kwa ukubwa huo, linaweza kutoka lenyewe. Nikapewa dawa za maumivu na agizo la kukojolea kwenye chujio. Alinisisitizia jambo moja: nikipata homa au kutetemeka juu ya maumivu yale, nirudi saa hiyo hiyo bila kusubiri asubuhi. Siku ya tisa likatoka. Kipunje cha kahawia chenye ncha ncha, kidogo kwa punje ya ngano. Nikakipeleka kwenye kikopo wakakipima: oksaleti ya kalsiamu, yaani kemikali ya kwenye mimea iliyoungana na kalsiamu, madini kama yaliyomo kwenye maziwa. Ndiyo aina ya jiwe inayowapata watu wengi kuliko zote.

Sasa ushauri ukaanza kumiminika. Shangazi akasema, "Jiwe hilo ni chokaa, mwanangu. Acha maziwa." Nikaacha. Mwenzangu wa dukani akaniletea mafuta ya zeituni na ndimu ya kuyeyushia lile lililobaki. Mimi mwenyewe nikaongeza mchicha mchana na usiku, nikawa natafuna korosho badala ya maandazi, na kila asubuhi kidonge cha vitamini C cha miligramu 1,000. Niliamini najitunza.

Afisa lishe aliyenipokea kliniki alikuwa binti mdogo, umri wa mwanangu wa kwanza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mama, umewahi kumenya magimbi yakakuwasha?" Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwenye magimbi ya nazi. Nikamwambia yanawasha mikono, na ukiyala hayajaiva vizuri yanawasha koo. Akasema, "Kinachowasha ni sindano ndogo ndogo za oksaleti ya kalsiamu, hazionekani kwa macho. Ndicho kitu kilichokuwa kwenye figo yako."

Hapo ndipo nilipoelewa. Oksaleti imo kwa wingi kwenye mchicha, spinachi, magimbi, korosho, karanga, kakao, na kwenye chai pia. Ikikutana na kalsiamu ya maziwa ndani ya utumbo, vinashikana na kutoka pamoja na choo. Utumbo ukiwa hauna kalsiamu, oksaleti inapenya kwenye damu, inafika figo, na inakutana na kalsiamu huko huko. Kwa hiyo kuacha maziwa huku nikijaza mchicha kulikuwa kulipalilia lile jiwe la kushoto. Vitamini C nayo, ikizidi, mwili hugeuza sehemu yake kuwa oksaleti. Nikaacha vidonge siku hiyo. Na mafuta ya zeituni? Mawe ya aina yangu hayayeyuki kwa chakula wala kinywaji. Unachoweza ni kuzuia yasikue na yasizaliwe mengine.

Baadaye nilisoma juu ya utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2002. Wanaume 120 waliokwisha kupata mawe ya namna hii zaidi ya mara moja waligawanywa makundi mawili na kufuatiliwa miaka 5. Waliopunguza kalsiamu, 23 kati ya 60 walipata mawe tena. Waliokula kalsiamu ya kawaida ila wakapunguza chumvi na nyama, ni 12 kati ya 60. Shangazi nilimsomea yote. Alinyamaza, akaniambia basi ninywe maziwa.

Lakini kikao kile na yule binti, muda mwingi ulikwenda kwenye maji. Alinituma nikusanye mkojo wangu wote kwenye dumu, kuanzia asubuhi hadi asubuhi ya pili. Haukufika hata lita moja. Ulitakiwa uwe lita 2.5. Sababu naijua vizuri: nauza vitenge Kariakoo, juu bati, joto kali, na choo ni cha kulipia, shilingi 300 kila ukiingia, tena umwachie mtu duka. Wanawake wengi wa sokoni tunafanya hivyo, tunajinyima maji ili tusibanwe. Jasho linachukua maji, mkojo unabaki mzito kama chai, na kwenye mkojo mzito ndipo chembe zinaposhikana.

Nilikwenda kuzungumza na mzee wa choo, tukaelewana nimlipe kwa mwezi. Hilo limenisaidia kuliko dawa yoyote. Sasa nina chupa mbili za lita moja na nusu. Ya kwanza iishe kabla ya adhuhuri, ya pili kabla sijafunga duka, na glasi moja kabla ya kulala. Nakamulia ndimu mbili kwa siku bila sukari, kwa sababu sitreti iliyomo huishika kalsiamu kwenye mkojo isiungane na oksaleti. Naangalia rangi: ukiwa mweupe au wa njano hafifu, niko sawa. Mama mkwe wangu alitaka kuniiga, nikamkataza. Figo zake zimechoka na daktari wake amempimia maji ya kunywa.

Chumvi ilinitesa zaidi. Chumvi nyingi huivuta kalsiamu iingie kwenye mkojo, na mimi nilikuwa nakula papa mkavu, embe bichi kwa chumvi na pilipili, na viungo vya pakiti kwenye kila mchuzi. Kiasi cha mtu mzima kwa siku kisizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo tayari kwenye vyakula. Papa sasa namroweka usiku kucha, namwaga maji mara mbili, na namla mara moja kwa mwezi. Viungo vya pakiti nimeviondoa jikoni. Tangawizi, kitunguu saumu na ndimu vinatosha. Nyama nakula kipande kidogo, mara moja kwa siku.

Mchicha sikuuacha. Nauchemsha, namwaga maji, ndipo naupika, na pembeni naweka kikombe cha mtindi. Chai nakunywa ya maziwa. Ramadhani iliyopita daktari aliniruhusu kufunga, nami nikajipangia glasi 10 kati ya magharibi na daku. Magimbi yalikuwepo mezani, yamechemshwa na kumwagwa maji kabla ya kutiwa nazi. Nilikula vipande viwili, na maziwa.

Mwezi uliopita nilipima tena. Figo ya kulia iko safi. Lile la kushoto bado lipo, milimita 3, halijaongezeka.