Babu na injini ya 5918

Watoto wako likizo, na nilikuwa nimewaahidi siku nzima ya makumbusho. Ijumaa usiku nilikesha nikisoma na kuandika vidokezo kwenye simu, nionekane baba anayejua mambo. Mzee wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Voi, alisema atatusindikiza tu, kuliko kubaki nyumbani akitazamana na televisheni.

Tulianzia Makumbusho ya Taifa, Museum Hill, Nairobi. Huko mambo yalinyooka. Baraka, mwenye miaka minane, alinasa kwa Mvulana wa Turkana. Kamoya Kimeu ndiye aliyeona kipande cha kwanza cha fuvu lake mwaka 1984, Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, na baada ya kuchimba ikapatikana karibu mifupa yote ya mtoto aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Nikasoma kwenye simu: huenda alikufa akiwa na miaka 8 au 9, na tayari alikuwa na urefu wa karibu mita 1.6. Baraka akajitazama kuanzia viatu hadi kifuani, akanuna. Neema, dada yake, alikuwa akizunguka akitafuta kitu cha kubonyeza.

Mchana tukateremka mjini hadi Makumbusho ya Reli. Neema akauliza, "Huku nako hakuna skrini?" Hakuna. Kuna vyuma, nyasi na jua. Behewa ambamo simba alimnyakua Ryall, afisa wa polisi, pale Kima mwaka 1900, liliwapa msisimko wa dakika tano, kisha wakaanza kuulizia chipsi.

Ndipo nikagundua Mzee hayupo nasi.

Tulimkuta amesimama mbele ya injini namba 5918, Mount Gelai, kofia mkononi kama mtu aliyefika matangani. Mimi nikafungua simu, nikaanza: hii ni Garratt, aina ya injini ya mvuke, ya daraja la 59, ziliundwa 34 huko Manchester katikati ya miaka ya 1950, kila moja tani 252...

"Hizo tani hakuna aliyeziuliza," Mzee akasema. "Neema, nipe chupa yako ya maji."

Nilijua baba yangu alikuwa fayamani, mtu wa moto na maji kwenye injini ya treni. Nilijua kama ninavyojua kundi langu la damu: lipo, limeandikwa mahali. Sikuwahi kumuuliza siku yake kazini ilikuwaje.

Akailaza chupa, maji yakiwa nusu. "Hii ndiyo boila. Huku nyuma kuna moto, na juu ya moto kuna bamba la chuma. Maji lazima yalifunike bamba hilo kila dakika. Sasa treni imemaliza kupanda, inaanza kuteremka." Akainamisha chupa. Maji yakakimbilia mbele, nyuma pakabaki pakavu. "Umeona? Kwenye kioo cha kupimia ulikuwa na maji ya kutosha, umefika kileleni, huna. Bamba likikosa maji linaiva, linalainika, na mvuke wote unakuja kwenu wawili mlio ndani."

"Kwa hiyo ulikuwa unafanya nini, Babu?"

"Naijua njia. Kabla ya kilele nishaongeza maji. Usiku, mvua, huoni kitu, unahesabu kona."

Akawaonyesha kwa nini injini ile ni ndefu hivyo: boila moja katikati, imebebwa na injini mbili, moja mbele na moja nyuma, kila moja ikigeuka kivyake kwenye egemeo lake. Ndiyo maana jitu lile liliweza kukata kona za reli yenye upana wa mita moja tu. Tangi la maji mbele, mafuta nyuma. Nilikuwa nimeyasoma yote Ijumaa na sikuwa nimeelewa hata moja.

Baraka akataka kupanda. Magoti ya Mzee hayamruhusu tena, kwa hiyo alibaki chini, mgongo ukiwa umeegemea gurudumu, akimwelekeza bila kutazama juu. "Ingia. Simama upande wangu, sio wa dereva. Nyoosha mkono. Juu kidogo. Umeshika duara baridi?"

"Ndiyo!"

"Haikuwa baridi hiyo."

Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama pale nje wanauza chai. Niliirudisha simu mfukoni. Tulikaa kwenye kivuli cha injini hadi karibu na saa za kufunga, na mimi ndiye niliyekuwa nauliza. Mshahara ulikuwa ngapi. Dereva wake alikuwa mtu wa wapi. Mama alijuaje kwamba amefika salama. (Alikuwa anapiga honi kwa mtindo wake wakipita karibu na nyumbani. Dereva alimruhusu.)

Kwenye matatu Neema alikaa dirishani. Tulipoanza kuteremka mlima karibu na kwetu, nilimwona ameilaza chupa mapajani, anayatazama maji yakienda mbele.

"Babu," akasema, "ongeza."