Damu yangu ilipanda nilipoitenga chai na chakula

Ukisema tu una upungufu wa damu, kila mtu anakuwa daktari. Mimi niliambiwa bitiruti, kisa ni nyekundu. Himoglobini yangu, ile protini ya damu inayobeba oksijeni na inayotengenezwa kwa madini ya chuma, ilikuwa 9.6, na kwa mwanamke asiye mjamzito haitakiwi kushuka chini ya 12, basi nikanywa. Nilimenya, nikasaga, nikachuja, rangi ikaingia hadi ndani ya kucha. Asubuhi moja nakwenda haja ndogo, mkojo mwekundu! Aliyenishauri akafurahi: "Unaona? Damu imeshaanza kujaa."

Hapana jamani. Ile ni betalaini, rangi ya bitiruti yenyewe, inapita mwilini na kutoka. Tena mkojo wa namna hiyo huonekana zaidi kwa wenye upungufu wa madini ya chuma. Kipimo kilichofuata, namba ilikuwa palepale. Sisemi bitiruti haina kazi. Naitreti zake husaidia kushusha shinikizo la damu. Ila chuma chake hakifiki miligramu 1 kwa gramu 100, wakati maharage yaliyopikwa yana kama 2 hadi 3.

Maharage nilikuwa nakula, na vidonge vya chuma nilikuwa nameza. Mpaka mtaalamu wa lishe aliponiuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Vidonge unamezea nini?" Chai. Na chakula unashushia nini? Chai.

Ule ukakasi wa chai unaobaki ulimini unatokana na tanini, jamii ya polifenoli, yaani kemikali za asili za mimea. Zikikutana tumboni na chuma cha mimea, au cha kidonge, zinashikana nacho na sehemu kubwa inapita bila kufyonzwa. Kahawa nayo ni hivyohivyo. Chai sijaiacha, maana polifenoli hizohizo zina faida zake. Nimeisogeza tu, inakaa mbali na mlo kwa saa moja au mbili.

Nafasi yake mezani imechukuliwa na ndimu. Vitamini C hukigeuza chuma cha mimea kuwa aina ambayo utumbo unaifyonza kwa urahisi. Mimi nakamulia kwenye sahani, chakula kikishapakuliwa. Ukikamulia kwenye sufuria inayochemka, joto linaiharibu vitamini, na tindikali inafanya maharage yagome kuiva. Maharage yenyewe nayaloweka usiku kucha na yale maji namwaga, kupunguza fitati, kwani nazo hukamata chuma.

Lakini kwanza dai kutafutiwa chanzo. Hedhi nzito, minyoo au kidonda cha tumbo havitibiwi kwa ndimu.

Kipimo cha mwisho kilisoma 12.4, nikapiga vigelegele palepale maabara. Daktari amesema niendelee na vidonge miezi kadhaa ili akiba ya chuma mwilini ijae, nami naendelea kuvimeza, kwa juisi ya machungwa.