Hidrojeni ilivyokata, na jinsi nilivyoirudisha
Siku ya kwanza chupa yangu ya uchachushaji, ambamo bakteria hutengeneza gesi ya hidrojeni, ilitoa mapovu mfululizo. Kufikia ya pili, kimya. Nilidhani bakteria wamekufa. Nilipofungua kifuniko, harufu kali ya siagi iliyochacha ikanipiga puani: asidi ya butiriki. Nikapima pH (kipimo cha uasidi; ikishuka, asidi imezidi), 4.3! Kumbe Clostridium, bakteria hao wa chupani, huzalisha asidi hiyo pamoja na hidrojeni, na ikirundikana sana wanageukia kutengeneza butanoli na asetoni, gesi ikapungua. Nikaanza kudondosha hidroksidi ya sodiamu, ambayo hupunguza asidi, tone kwa tone, huku nikikoroga, mpaka 5.5, kisha nikaishikilia hapo. Mapovu yakarudi. Ila usiipandishe hadi 7, maana hapo vijidudu vinavyotengeneza gesi ya methani hustawi na kuila hidrojeni yako.