Vijiko kumi, usirundike

Mwezi wa tatu 2023 nlikua Mwanza, afisa muuguzi kwenye hospitali moja ambayo jina lake naliacha, na ofisi yetu ya IPC, yaani kuzuia maambukizi hospitalini, ilikua na watu wawili tu, mimi na dada mmoja ambaye wakati huo alikua likizo ya uzazi. Kwahiyo nlikua mimi na feni bovu. Alhamisi tarehe 16 ikatoka taarifa kwamba Bukoba Vijijini, mkoa wa Kagera, kuna ugonjwa haujulikani, watu saba wameugua, watano wamefariki, homa, kutapika, damu kutoka. Ofisini kila mtu alikua na neno moja kichwani na hakuna aliyelitamka. Jumanne tarehe 21 waziri Ummy Mwalimu akatangaza, sio Ebola, ni Marburg, ndugu yake kabisa huyo, nchi yetu ilikua haijawahi kuwa nayo, haina chanjo wala dawa yake iliyothibitishwa, na kati ya waliokufa kuna mhudumu wa afya.

Hilo la mwisho ndo lililoniharibia siku.

Maana usiku uleule bosi akanipigia, kesho saa nne asubuhi nataka majina manne ya watu wa IPC waende kuongeza nguvu Kagera, wenye cheti. Nikasema sawa bosi, ungesema nini sasa. Watu wengi wanadhani ugonjwa ukilipuka wanaotakiwa ni madaktari, ni kweli wanatakiwa, ila Marburg inapita kwenye majimaji ya mwili, matapishi, damu, godoro la mgonjwa, maiti yenyewe, na inapenda sana kuwapata walewale wanaohudumia. Sasa kama hakuna mtu wa kusimamia nani anaingia mlango gani, anavua nini kwanza, ndoo ya klorini imechanganywa saa ngapi, basi hiyo wodi inageuka kuwa ndo sehemu ya kuambukizana.

Nikafungua Ekseli. Majina 31 ya waliopita semina. Nikajiunga dakika kwa hela yangu, nikaanza kupiga.

Wa kwanza simu akapokea mume. "Kaka, mke wangu ananyonyesha. Na hata asingekua ananyonyesha." Akakata, na mpaka leo sijaona jibu lililonyooka kama lile. Wa pili akaniuliza posho shilingi ngapi na inaingia lini, sikua na jibu, akasema ukijua nipigie. Wenzangu nilipowasimulia walimcheka ila mimi naona alikua na haki zote, unaenda kukaa na kitu kinachoua, unauliza hela yako, kuna ubaya gani? Wa tatu akaanza halo halo mtandao unasumbua nipo kijijini, na nyuma yake nikasikia ule mlango wa wodi namba mbili unaolia kama mbuzi, yaani mtu yuko hatua hamsini kutoka nilipokaa. Mwingine akasema mfungo unaanza wiki hii, mama yake yuko peke yake. Karibu wote waliniuliza swali moja, ni kweli kuna mwenzetu amekufa? Nikawa najibu ndio. Nikishajibu ndio kunakua kimya kidogo halafu najua tayari.

Kufika saa tano usiku nina watatu wamekubali. Na kila aliyekubali nilimpa mtihani mdogo, ndoo ya lita 20, HTH, ile klorini ya unga, ya asilimia 70, unataka asilimia 0.5 ya kupulizia sakafu, mzani huna, unafanyaje. Wawili wakapata baada ya kujikuna kidogo. Wa tatu, mwenye vyeti vingi kuliko wote mimi nikiwemo, akaanza "kwa kuzingatia mwongozo wa taifa..." aisee, nikamwambia asante kaka, nikamfuta.

Hapo ndo nikamkumbuka Mama Jiki.

Huyu hakuwepo kwenye Ekseli. Alikua mhudumu tu, anadeki, anafua, anatoa taka, hajawahi kuitwa semina hata moja, jina la Jiki alipewa na manesi kwa sababu ya harufu yake. Nikamfata asubuhi saa kumi na mbili korido ya maternity. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, mbona macho mekundu. Nikamuuliza lile swali la ndoo, hata hakusimamisha fagio.

"Vijiko kumi vya chakula. Vya kusawazisha, usirundike. Halafu usikoroge umeinamia utakohoa mpaka utapike, acha nusu saa itulie. Na ya jana usitumie, imekufa hiyo."

Bila kalamu! Nikamwambia kuna safari ya Bukoba. Akadeki mita kama mbili hivi hajasema kitu. Akaniambia kipindi cha kipindupindu sehemu fulani alikoazimwa alikaa kambini wiki tatu, siku ya kulipwa akakuta jina lake liliandikwa kwa penseli na limefutwa, limewekwa la mtu ambaye kambi hata hakuijua. "Sasa mwanangu sikuambii ndio wala sikuambii hapana, niache nimalize sakafu kwanza."

Nikasubiri nimeegemea ukuta, mtu mzima na kitambulisho shingoni.

Aliponirudia akasema nitaenda, ila uniandike kwa peni, na nione unaandika. Tukaenda ofisini nikaandika kwa peni nyeusi. Kwenye safu ya cheti nikakwama. Nikaandika "uzoefu miaka 19". Saa nne bosi akaiangalia ile karatasi, akauliza huyu nani, nikamwambia ndo bora kuliko mimi, akasema sitaki mashairi, cheti kiko wapi, tukabishana pale mpaka chai ikapoa. Mwisho akasaini kwa sababu hakuna jina lingine lililokuwepo, sio kwamba nilimshawishi, nisijipe sifa.

Wakaondoka usiku na MV Victoria, watatu, sio wanne. Nikawasindikiza bandarini. Mama Jiki alibeba begi dogo na gambuti zake mwenyewe kwenye rambo, akidai za serikali huwa ni saizi ya wanaume na mguu ukicheza ndani unaanguka kwenye maji ya klorini. Nilitaka kumwambia kitu, samahani au asante, sijui, nikaishia kumwambia mama kuna baridi juu ukae ndani.

Siku mbili sikusikia kitu, nikawa kila simu ikiita tumbo linakata. Ya tatu akapiga, saa tatu usiku, sauti ya juu kama anamgombeza mtu.

"Mwanangu, hizi ndoo za kunawia koki zote zinavuja, sakafu inaloa watu watateleza na magauni yao ya kujikinga. Tafuta koki kumi za plastiki, za nusu inchi, na ile tepu nyeupe. Mpe mtu wa meli kesho."

Nikamwambia sawa mama. Asubuhi saa mbili nilikua duka la vifaa Makoroboi nahesabu koki.