Goti la mwanangu halikuteguka

Alikuwa na miaka minne. Alilala mzima, akaamka hawezi kukunja mguu. Mtaa mzima ukasema ameteguka, nikampeleka kwa mkandaji. Akamchua kwa mafuta ya moto, mtoto analia mpaka sauti inakauka, na mimi ndiye niliyemshika mabega. Hilo linaniuma hadi leo. Usiku goti likawa kama embe, ngozi inang'aa. Kumbe ndani mlikuwa na damu, na kuchua kunaizidisha.

Zahanati wakasema baridi yabisi, wakatupa diklofenaki, dawa ambayo nayo huzidisha kuvuja. Karibu mwaka mzima tulizunguka hivyo, hela sikuhesabu, mpaka daktari mmoja kijana akaniuliza: alipotahiriwa, damu ilikata lini? Siku ya tatu. Kuna mjomba aliyewahi kuvuja damu? Nikanyamaza. Kaka yangu tulimzika baada ya kung'olewa jino. Tukapewa rufaa ya Muhimbili, kipimo kikasema hemofilia A: mwili wake hauna faktari namba 8 ya kutosha, ile inayogandisha damu. Ndugu walishaanza kutaja jirani mchawi. Si mchawi, imepitia kwangu mimi mama.

Sasa nawaambia ninachojivunia. Damu ikianza kuvuja kwenye kiungo, jicho halioni kitu. Mtoto ndiye anayesikia: mtekenyo, joto kidogo, kukaza. Wangu anaita sisimizi. Akisema, "Mama, sisimizi wameingia," naweka mgongo wa mkono goti hili, kisha lile, nasikiliza lipi lina joto. Halafu futikamba ya cherehani: nazungusha katikati ya pia ya goti, napiga alama kwa kalamu ya wino ili kipimo kinachofuata kipite palepale. Ila futikamba isiwacheleweshe. Sisimizi peke yao wanatosha kuwatoa nyumbani. Barafu ya mfuko, ile ya kununua kwa jirani, naiviringisha kwenye kanga, dakika 15, mguu juu ya mto, huku bodaboda inakuja. Sindano ya faktari nataka aipate ndani ya saa mbili tangu sisimizi waanze. Maumivu ni paracetamol tu, aspirini haiingii kwangu. Na mtu akitaka kunyonya goti kwa sindano kabla mtoto hajapewa faktari, kataeni.

Sasa ana miaka tisa. Goti la kushoto halinyooki lote, maana damu ya mwaka ule ilikula gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa. La kulia ni zima kabisa. Juzi usiku nilisikia mlango wa chumba changu unasukumwa. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, futikamba mkononi.